Sura ya Saba: Vidaka vya Mwanga

Sebule nyingi zinazojengwa siku hizi Goba, Kimara au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, zina dari la jipsamu lenye ngazi, na ndani ya ngazi hiyo umelazwa utepe wa taa za LED. Usiku mwenye nyumba hushika rimoti nyeupe, nyembamba kama kadi ya benki, akaibonyeza: dari likawa la bluu, likawa la zambarau, likawa la kijani. Wageni husifu. Miezi inapita, kipande cha mita mbili kinazimika, kingine kinakwama kwenye wekundu, na kwa kuwa kila kitu kimezibwa na jipsamu, familia inazoea kuishi chini ya dari lenye mapengo.

Taa yangu ya kwanza ya ukutani ilikuwa ndugu wa dari hilo. Nilikata plaiwudi kwa umbo la jahazi, nikaizungushia utepe wa LED kwenye kingo, taa zote zikielekea chumbani. Mama alikuwa amekuja kukaa nasi. Jioni ya kwanza alikaa kwenye kiti kilicho mkabala nayo, Msahafu mapajani. Aliufungua, akaufunga, akaingia nao chumbani kwake. Jioni ya pili ikawa hivyo hivyo.

"Mama, mbona unatukimbia sebuleni?"

"Siwakimbii, mwanangu. Ile taa yako inanitazama machoni. Igeuze itazame ukuta."

Niliubandua utepe usiku uleule, nikaubandika nyuma ya jahazi ukielekea ukutani. Chumba kikawa kingine. Vitone vya taa havikuonekana tena. Ulionekana ukuta uliojaa mwanga, na jahazi limesimama mbele yake. Mama alirudi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo sijajenga taa ya ukutani ambayo chanzo chake kinaonekana, na sura hii inahusu ujenzi wa namna hiyo.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kabla ya umeme. Katika nyumba za mawe za Lamu, hasa zile za karne ya 18, chumba kinachoitwa ndani kina ukuta uliojaa vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu. Wenyewe Waamu husema zidaka. Fundi wa chokaa alikipa kila kimoja tao lake, na mwenye nyumba akaviwekea sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Mwanga wa chumba hicho ulianzia kwenye ua wa wazi, ukapita misana, yaani kumbi ndefu za nyumba hizo, ukafika ndani ukiwa mchache, na chokaa nyeupe ikaupokea na kuugawa upya. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipoomboleza katika Al-Inkishafi jinsi fahari ya Pate ilivyotoweka, alikumbuka taa za majumba yale na pia vidaka vyake, ambavyo sasa vilikuwa makazi ya ndege. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na msafiri akifika huko bado anaweza kuvitazama vidaka hivyo kwa macho yake.

Basi tutajenga vidaka tisa, vitatu kwa vitatu, vya kuning'inizwa ukutani, kila kimoja na mwanga wake unaoweza kubadilishwa rangi na ukali bila kugusa majirani zake.

Vipimo ni hivi. Kila kidaka kina upana wa sentimita 20 kwa ndani, urefu wa sentimita 20, na kina cha sentimita 10. Vigawanyo ni plaiwudi ya milimita 18, hivyo sanduku zima linakuwa mraba wa sentimita 67 na milimita 2. Mgongo unatosha plaiwudi ya milimita 9. Uso wa mbele ni plaiwudi nyembamba ya milimita 4, na humo ndimo yanamokatwa matao tisa, kila tao likiwa na upana wa sentimita 16 tu. Zile sentimita mbili zinazobaki kila upande, na zile zinazobaki juu ya tao, ndizo pazia letu. Utepe unabandikwa nyuma ya pazia hilo, upande wa juu, ukielekea mgongo wa kidaka. Mtu akisimama sebuleni haoni taa hata moja.

Usitumie MDF kama unaishi pwani. Inavuta unyevu, inavimba kwenye kingo, na skrubu hulegea. Plaiwudi nzuri inavumilia zaidi, na uso ukitaka uwe wa heshima, mwombe seremala aufunge kwa ubao mwembamba wa mninga. Mwambie pia uso huo usigundishwe. Ushikwe kwa skrubu nane ndogo. Atakwambia gundi ni imara zaidi, na ni kweli, lakini shikilia msimamo wako. Taa isiyofunguka haitengenezeki.

Ndani ya vidaka paka rangi ya maji nyeupe, mikono miwili au mitatu, au chokaa kama unaijulia. Usipake rangi ya mafuta. Ule mng'ao wake hufanya kazi ya kioo, na vitone vya taa ulivyovificha kwa pazia vitajitokeza tena kwenye mgongo wa kidaka kama shanga. Rangi isiyong'aa huutawanya mwanga pande zote, na hapo hesabu ya nafasi inakusaidia: utepe wenye taa 60 kwa mita una umbali wa karibu milimita 17 kati ya taa na taa, na mgongo wa kidaka uko takribani milimita 100 mbele yake. Umbali wa kufikia ukuta ukiuzidi umbali wa kati ya taa mara kadhaa, vitone huyeyukiana. Hapa unauzidi karibu mara sita, kwa hiyo huhitaji plastiki ya maziwa wala karatasi ya kufifisha mwanga.

Sasa tuutazame utepe wenyewe. Kila kitone ni kisanduku cha milimita 5 kwa 5, na ndani yake mna vichipu vitatu vya mwanga: chekundu, kijani na bluu. Chekundu ndicho chenye umri mkubwa; Nick Holonyak alikionyesha mwaka 1962 akiwa General Electric huko Marekani. Bluu iliwashinda watafiti kwa miaka thelathini hivi. Bila bluu hakuna nyeupe, na bila nyeupe LED ingebaki kuwa kitaa cha kuonyesha kwamba redio imewashwa. Watafiti watatu wazaliwa wa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliofanikiwa kutoa mwanga mkali wa bluu kwa kutumia galiamu naitraidi, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kila sebule yenye dari la jipsamu ina deni kwao.

Madukani utakuta tepe za aina mbili zinazofanana kwa mbali. Aina ya kwanza ina miguu minne ya shaba kwenye kila sehemu ya kukatia: mmoja wa umeme na mitatu ya rangi. Hiyo ndiyo iliyo juu ya jipsamu nyingi, na hubadilika rangi yote kwa pamoja. Aina ya pili ina miguu mitatu tu, iliyoandikwa +5V, Din na GND, na mshale mdogo unaoonyesha upande wa kuelekea. Hii ndiyo tunayoitaka. Jina lake la kibiashara ni WS2812B, na ndani ya kila kitone chake, pamoja na vile vichipu vitatu vya mwanga, kimo kichipu cha nne chenye akili ya kupokea amri. Ukienda Kariakoo, au Luthuli Avenue ukiwa Nairobi, usitaje jina peke yake. Omba uuone utepe, uhesabu miguu, usome maandishi. Chukua usio na ganda la mpira la kuzuia maji. Ganda hilo hushika joto na hukusumbua wakati wa kulehemu, nawe unaufunga ndani ya nyumba.

Kata vipande tisa vya taa tisa tisa. Kila kimoja kitakuwa na sentimita 15, kikae vizuri nyuma ya tao. Kata pia kipande cha kumi chenye taa moja tu. Hicho kina kazi ya peke yake, nitakieleza baadaye. Jumla ni taa 82.

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Taa moja ya WS2812B ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula mpaka miliampea 60, yaani 20 kwa kila rangi. Zidisha kwa 82 unapata karibu ampea 5, na kwa volti 5 hiyo ni kama wati 25. Volti 5 haimdhuru mtu akiigusa. Ampea 5 kwenye waya mwembamba ulioguswa na mwenzake, hata hivyo, zinaweza kuuchemsha mpaka ukaunguza plaiwudi. Watu huogopa volti na kusahau ampea. Katika taa hizi kinachochoma ni ampea.

Chagua adapta ya volti 5 na ampea 8, ili ifanye kazi bila kujikamua. Niliwahi kununua adapta iliyoandikwa ampea 10 ambayo ilikuwa nyepesi mkononi kama kiberiti kitupu. Nilipoiwashia taa zote nyeupe, mita ikasoma volti 4.1, na baada ya robo saa hukuweza kuishika. Uzito si kipimo cha maabara, lakini adapta ya ampea nyingi isiyo na uzito inatia shaka. Ipime ikiwa imebeba mzigo, sio ikiwa tupu. Pia nakusihi uchukue ile ya kufungwa kabisa, yenye plagi na mkebe wa plastiki kama chaja ya kompyuta mpakato. Zile za bati lenye matundu, zenye skrubu wazi za kufungia nyaya, zina volti 230 kwenye skrubu mbili za mwanzo. Nyumbani kuna watoto, na mtoto hajui kuwa skrubu hii ina 230 na ile ya pembeni ina 5.

Shaba iliyomo ndani ya utepe ni nyembamba sana. Ukiunganisha vipande vyote tisa kimoja nyuma ya kingine na kuvilisha kwa upande mmoja, volti hupungua njiani, na kidaka cha mwisho kitageuka cha njano, kisha chekundu, hata kama umekiamuru kiwe cheupe. Sababu ni kwamba kichipu chekundu hutosheka na kama volti 2, ilhali bluu na kijani huhitaji karibu 3. Njaa ikiingia, hao wawili hulala kwanza. Ule wekundu uliokwama kwenye madari ya watu huweza kutokana na hili.

Dawa yake ni kugawa umeme kama maji ya bomba. Pitisha nyaya mbili za shaba za milimita mraba 1.5, zilezile ambazo fundi umeme hutumia kwa taa za nyumba, kutoka juu hadi chini nyuma ya vigawanyo: nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Kutoka kwenye bomba kuu hilo, kila kidaka kichote chake kwa waya mfupi. Mita moja ya nyaya hizo, kwenda na kurudi, ikibeba ampea 5 hupoteza kama volti 0.12, ambayo hakuna jicho litakaloiona. Mwanzoni mwa bomba weka fyuzi ya ampea 7, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 yenye uwezo wa volti 10 au zaidi. Kapasita hiyo humeza mshtuko wa kuwasha. Mguu wake wenye mstari ni wa hasi. Ukiugeuza, kapasita hupasuka.

Umeme unagawanywa sambamba, lakini amri zinapita kwa foleni. Fikiria watoto wamekaa mstari mmoja na sinia la kashata linapitishwa. Mtoto wa kwanza anachukua kipande chake na kusogeza sinia. Wa pili anakuta kilicho mbele yake, anachukua, anasogeza. Ndivyo taa hizi zinavyofanya: ubongo unatuma mlolongo mrefu wa ishara, taa ya kwanza inachukua ishara 24 za mwanzo, nane kwa kila rangi, na kuzipitisha zilizobaki. Nane hizo zinatoa ngazi 256 kwa kila rangi, na ukizidisha rangi tatu unapata michanganyiko 16,777,216. Kila taa huchukua mikrosekunde 30 kusomewa amri yake, kwa hiyo taa zote 82 husomewa kwa chini ya milisekunde 3.

Kwa sababu ya foleni hiyo, mshale ulioko kwenye utepe ni sheria. Toka kidaka cha chini kushoto kwenda kulia, panda, rudi kushoto, panda tena, kama ng'ombe anavyolima. Mwisho wa kila kipande uunganishwe na mwanzo wa kinachofuata. Foleni hii pia ndiyo itakayokufundisha kutafuta ubovu: taa zikiwaka hadi mahali fulani kisha zote zilizobaki zikawa gizani, mgonjwa ni ama taa ya mwisho inayowaka, ama ya kwanza iliyozimika, ama lehemu iliyo kati yao. Huna haja ya kubomoa kitu kingine.

Ubongo wenyewe ni bodi ndogo ya ESP32, isiyozidi kidole kwa ukubwa, yenye Wi-Fi ndani yake. Ina tatizo moja ambalo limewakatisha tamaa watu wengi. Bodi hii husema kwa sauti ya volti 3.3, lakini WS2812B iliyolishwa volti 5 husikia amri ikiwa imefika asilimia 70 ya umeme wake, yaani volti 3.5. Matokeo yake taa hucheza ovyo, mara bluu, mara kijani, na fundi anadhani ameuziwa utepe mbovu. Kuna kichipu cha 74AHCT125 kinachopandisha sauti hiyo, na ukikipata, kitumie. Wengi hatukipati kwa urahisi, na ndiyo maana tulikata ile taa moja ya pekee.

Iweke jirani kabisa na bodi, na umeme wake upite kwanza kwenye dayodi ya 1N4007, ambayo fundi redio yeyote ana kopo zima la aina hiyo. Dayodi inapunguza kama volti 0.7, taa ile inabaki na 4.3, na asilimia 70 ya 4.3 ni karibu volti 3.0. Sasa inaisikia bodi vizuri. Nayo inapoipitisha amri kwa taa inayofuata, inaisema kwa sauti ya volti 4.3, ambayo taa zenye volti 5 zinaisikia bila shida. Taa hii ni mkalimani tu. Iamuru ibaki imezima na uifiche nyuma ya bodi. Katika waya wa amri, kati ya bodi na mkalimani, weka rezista ya omu 330, yenye mistari ya chungwa, chungwa na kahawia. Na usisahau kuunganisha hasi ya bodi na hasi ya adapta. Nimeitwa mara tatu kutazama taa "zenye wazimu", na mara zote tatu waya huo haukuwepo.

Lehemu kwa utulivu. Paka kwanza mguu wa utepe risasi kidogo, paka na ncha ya waya, kisha vikutanishe kwa sekunde moja au mbili. Ukikaa na joto muda mrefu, mguu wa shaba hubanduka na kipande kimekwisha. Gundi ya mgongoni mwa utepe haidumu katika joto la pwani. Uongezee nukta za silikoni kila baada ya sentimita tano. Viungo vyote vipakwe rangi ya kucha isiyo na rangi. Hewa ya chumvi hula shaba mpaka ikawa ya kijani, na niliyempa taa yake pale Bagamoyo bila kupaka viungo, ilimzimikia kabla ya mwaka.

Programu ni rahisi kuliko lehemu. Kuna programu ya bure inayoitwa WLED, ambayo huhitaji kujua kuandika hata mstari mmoja wa kompyuta ili kuitumia. Unaunganisha bodi na kompyuta kwa waya wa USB, unaipakia kupitia kivinjari, na umemaliza. Intaneti unaihitaji siku hiyo moja. Baada ya hapo bodi yenyewe inarusha Wi-Fi yake, simu inajiunga nayo, na unabadilisha rangi bila bando hata la shilingi moja. Nenosiri la kiwandani libadilishe siku hiyohiyo, maana kila anayeijua WLED analijua. Kisha mwambie WLED kwamba una taa 82, ugawe vidaka tisa kuwa sehemu tisa, na uweke kikomo cha umeme kwenye ampea 5. Kikomo hicho ni makadirio yanayotokana na hesabu, kwa hiyo hakiondoi haja ya fyuzi.

Tumefika kwenye rangi, na hapa nina msimamo. Rangi milioni 16 ni nyingi kuliko anavyozihitaji mtu aliyerudi nyumbani kupumzika. Taa inayobadilika badilika haikuachi ukae. Jicho linaifuata hata usipotaka. Kwa jioni za kawaida ninatumia rangi moja, ya kandili: nyekundu 255, kijani 147, bluu 41. Ukizipaka chokaa nyeupe namba hizo, ukuta unakuwa kama uliowashiwa utambi. Ukali wake uwe theluthi. Na ukitaka kupunguza mwanga uonekane nusu, usiweke 128; jicho la mtu halihesabu hivyo. Nusu ya jicho iko karibu na 55 katika 255, na WLED ina sehemu ya kusahihisha hilo, iitwayo gama. Iwashe.

Uwezo wa kubadilisha ninautunza kwa siku zake. Usiku wa kuamkia Idi vidaka vya kati huwa vya kijani hafifu na vilivyobaki vya kandili. Siku ya posa ya dada yangu kila kidaka kilichukua rangi moja kutoka kwenye kanga za sare, na bibi mmoja alinyanyuka kwenda kuvishika aone kama ni nguo. Tulipokuwa na msiba nilizima vidaka vinane nikaacha kimoja, cha chini, kwa ajili ya waliolala mkekani. Huko ndiko kuibadilisha taa ninakokuelewa: nyumba inapokuwa na hali, ukuta uijue.

Ratiba ya kuwasha haitaki ufundi. Sisi tuko karibu na ikweta. Dar es Salaam jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni na kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu inafaa Januari na inafaa Juni.

Kuhusu LUKU, yaani gharama ya umeme: kwa rangi ya kandili na ukali wa theluthi, taa nzima pamoja na bodi na hasara ya adapta hula kama wati 7. Kwa saa tano kila usiku, mwezi mzima unakugharimu karibu uniti moja. Umeme ukikatika, benki ya chaji ya simu inayotoa volti 5 na ampea 3 itaiendesha kwa ukali huohuo, ila kwanza shusha kikomo kwenye WLED kiwe ampea 2.

Kuning'iniza ni kazi ya dakika ishirini ukijiandaa. Sanduku lina uzito wa karibu kilo kumi. Kata ubao mmoja kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu moja uifunge mgongoni mwa sanduku, nusu nyingine ukutani, zikamatane. Kwenye tofali za simenti tumia plagi na skrubu nne. Kwenye ukuta wa jipsamu tafuta fremu iliyo ndani. Jipsamu peke yake haitaubeba mzigo huo. Kwenye nyumba ya mawe ya zamani, ya Mji Mkongwe wa Unguja au ya Lamu, toboa taratibu hadi upate jiwe lenyewe, maana plasta ya chokaa hubomoka. Na kama nyumba hiyo tayari ina vidaka vyake, usiitoboe kabisa. Weka kipande kimoja cha utepe ndani ya kidaka cha asili, kimelala tu, bila gundi wala msumari.

Siku ya kuufunga uso wa mbele, kabla hujakaza skrubu ya mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike mgongoni mwa sanduku: volti 5, ampea 8, fyuzi 7, taa 82, foleni inaanzia chini kushoto. Fundi atakayeifungua huenda asiwe wewe.